"Waranti haitahusika": uhakiki wa sentensi moja

Ukifungua boksi la simu mpya, chini ya chaja na kile kipini cha kutolea laini, utakuta kadi iliyokunjwa mara nne. Wengi hawaisomi, na siwalaumu, maana maandishi yake ni madogo kama siafu. Lakini ndani yake kuna sentensi inayofanana karibu kwenye kila kadi, iwe ya simu ya laki moja na nusu au ya milioni mbili. Kwa Kiswahili chetu inasema hivi: waranti haitahusika iwapo programu ya simu imebadilishwa na mtu asiyeidhinishwa.

Leo naihakiki sentensi hiyo neno kwa neno, kama wenzetu wa fasihi wanavyofanya na shairi. Sababu ni kwamba imezaa imani mbili mitaani. Ya kwanza ni kwamba kuflashi au kuruti simu yako mwenyewe ni kosa la jinai. Ya pili ni kwamba fundi akishagusa programu, basi huna haki yoyote tena, hata kama kilichoharibika ni spika. Imani zote mbili si sahihi. Kibaya zaidi, zimefunika kosa moja ambalo kweli lipo kwenye sheria zetu na ambalo kadi hailitaji kabisa.

Tuanze na "mtu asiyeidhinishwa". Nachukua mfano wa Chidya, wilayani Masasi, mahali ambapo wengi wanapajua kwa ile shule ya sekondari iliyoanzishwa na wamisionari wa UMCA. Mwaka wa mkulima wa huko unazunguka korosho. Minada huanza mwezi wa 10, malipo hupitia AMCOS na akaunti za benki, na ujumbe wa "umepokea" huingia kwenye simu. Msimu huo ndio watu wanabadilisha simu. Sasa simu ikianza kujizima na kujiwasha yenyewe mwezi wa pili, mtu aende wapi? Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini peke yake ni karibu kilomita 200, na bado hujahesabu bodaboda ya kufika Masasi. Fundi aliyepo ni yule wa kwenye fremu karibu na stendi, mwenye kompyuta moja, waya za kila aina na bunda la programu alizozipakua. Kwa mujibu wa kadi, huyo ndiye "asiyeidhinishwa". Kadi imeandikwa kana kwamba mnunuzi ana chaguo kati ya kituo rasmi na fundi wa mtaani. Kwa watu wa Chidya na Newala chaguo halisi mara nyingi ni fundi au simu kukaa kabatini.

Hiyo ni hoja ya haki, na mtengenezaji anaweza kujibu kwamba umbali si kosa lake. Haya. Twende kwenye neno la pili, ambalo ni la kisayansi zaidi: "imebadilishwa".

Neno hili linabeba kazi ambazo hazifanani hata kidogo. Kuna kuflashi, yaani kupakia upya programu ileile ya kiwandani baada ya ile ya mwanzo kuharibika. Hapo hujabadilisha kitu, umerudisha. Kuna kufungua butiloda, ile programu ndogo inayoamka kwanza unapowasha simu na kukagua kama mfumo unaofuata una sahihi ya mtengenezaji. Ukiifungua, simu inakubali mfumo wowote utakaoupakia. Kuna kuruti, yaani kujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya simu, uweze kufuta hata zile programu zilizokuja nayo na zisizofutika. Kuna kuondoa loki ya mtandao ili simu ipokee laini ya kampuni nyingine. Kuna kuruka kinga ya akaunti ya Google mtu akisahau nywila. Halafu kuna kubadilisha namba ya IMEI. Fundi wa fremu anaziita zote "kuflashi", kadi inaziita zote "kubadilisha", na mteja anatoka na jina moja kwa mambo sita yenye uzito tofauti mbele ya sheria.

Na usidhani kila anayebadilisha programu ni mtundu tu. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitoa ripoti kuhusu simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Ghana, Kameruni, Misri na Afrika Kusini. Zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper, na Triada ilikuwa imeingizwa kabla mnunuzi hajafungua boksi. Simu zilikuwa zinajaribu kumuunga mwenyewe kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Upstream walisema walizuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka kwenye simu zaidi ya 200,000. Transsion, wenye Tecno, walieleza kwamba tatizo lilitoka kwa mshirika kwenye mnyororo wa ugavi. Sawa. Lakini mnunuzi wa simu kama hiyo ukimwambia "usiguse programu ya kiwandani" unamwambia nini hasa? Triada ilikaa ndani ya mfumo, mahali ambapo kurudisha mipangilio ya mwanzo hakufiki. Kuiondoa kunataka kupakia mfumo safi juu yake.

Kuna kejeli nyingine hapa. Kiini cha Android ni Linux, na Linux inatolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2 ya mwaka 1991. Leseni hiyo inakuruhusu waziwazi kubadilisha programu, na inamlazimu anayeisambaza, akiwemo mtengenezaji wa simu, atoe msimbo wake. Kwa hiyo kwenye boksi lilelile kuna karatasi mbili zisizosikilizana: moja inasema badilisha, nyingine inasema ukibadilisha tusijuane. Ila tuwe wakweli, GPL yenyewe imeandika kwa herufi kubwa kwamba haitoi dhamana yoyote. Uhuru inakupa, fundi haikulipii.

Sasa neno la tatu, "haitahusika". Hapa ndipo sentensi inapopotoka kimantiki, na kwa sisi tunaoshinda maabara ndilo kosa linalokera zaidi. Kituo cha huduma kinajuaje kwamba uligusa programu? Kwenye simu nyingi za Samsung kuna fyuzi ndogo ya kielektroniki ndani ya chipu, sehemu ya mfumo wa Knox. Ukipakia mfumo usio na sahihi yao, fyuzi inaungua na alama ya Knox inatoka 0x0 kwenda 0x1. Hairudi, hata ukirudisha programu ya kiwandani kama ilivyokuwa. Simu nyingine za Android zinaonyesha onyo kila zinapowashwa kwamba butiloda iko wazi. Ni ushahidi mzuri sana, lakini wa nini? Unathibitisha kwamba tukio fulani lilitokea. Hauthibitishi kwamba tukio hilo ndilo lililovunja kitu kilichokuleta dukani.

Chukua sistimu chaji. Uwanda wa Wamakonde una vumbi jekundu linaloingia kila tundu, na simu nyingi zinachajiwa kwa sola ndogo ambazo umeme wake haujatulia. Sehemu ya kuchajia inalegea au inaungua. Mwenye simu aliwahi kuruti miezi mitatu kabla, ili afute programu za matangazo zinazomla bando. Kadi inasema haitahusika. Uhusiano wa kisababishi kati ya kufuta programu ya matangazo na pini iliyolegea uko wapi? Haupo. Kadi inachukua "B ilitokea baada ya A" na kuigeuza "B ilitokana na A". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika hivyo kwenye ripoti anarudishiwa.

Siwatetei wanaoruti kila kitu. Programu inaweza kuua chombo. Kiini kilichobadilishwa ili kuondoa kikomo cha mkondo wa chaji kinaweza kuvimbisha betri. Anayelazimisha prosesa ifanye kazi kupita kiwango chake anapandisha joto, na joto linafupisha maisha ya vijenzi. Ukipakia faili la modeli nyingine, simu inaweza kuzima jumla. Katika visa hivyo mtengenezaji ana haki kabisa kukataa. Ninachopinga ni sentensi isiyotofautisha betri iliyovimba kwa sababu hiyo na spika iliyokuja mbovu kutoka kiwandani.

Wengine walishaona tatizo hili. Marekani ina sheria ya dhamana ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomkataza mtoa waranti kuifunga kwenye masharti ya kutumia vipuri au huduma za jina fulani tu, na Aprili 2018 mamlaka yao ya biashara, FTC, iliandikia kampuni 6 barua za onyo kuhusu vitisho vya namna ya "ukifungua, waranti imekufa". Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2019/771, unachukulia kwamba kasoro inayoonekana ndani ya mwaka mmoja ilikuwepo tangu mauzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Yaani mzigo wa kuonyesha kwamba kuruti ndiko kulikoharibu uko kwa muuzaji.

Na kwetu? Watu wengi wanachanganya waranti ya mtengenezaji na wajibu wa muuzaji. Waranti ya kadi ni ahadi ya hiari, na aliyeahidi ndiye anayeweka masharti. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyochipuka kutoka sheria ya Kiingereza ya 1893, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa. Huo ni wajibu wa duka ulilonunua, na hautokani na kadi. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo ina sehemu za kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo msimamizi wake. Kwa hiyo ukirudisha simu iliyokuja na kasoro, kitu cha kushika mkononi ni risiti ya EFD. Tatizo ni kwamba msimu wa korosho simu nyingi zinauzwa bila risiti, "nikupunguzie elfu kumi", na mteja anakubali. Hiyo elfu kumi ndiyo dhamana yake halisi imeondoka, kabla fundi yeyote hajagusa programu.

Sasa tuje kwenye jinai, maana ndiko imani ya mtaani ilikoharibika zaidi.

Mengi yanayozunguka kwenye video kuhusu "kuruti ni haramu" au "kuruti ni halali" yametoka Marekani. Huko kulikuwa na mjadala wa kweli: sheria yao ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998, DMCA, ilikataza kuvunja kufuli za kiteknolojia, kisha Julai 2010 wakaruhusu kwa msamaha maalumu kuvunja kufuli za simu janja. Ruhusa ya kuondoa loki ya mtandao kwa simu mpya ilikwisha Januari 2013, watu wakalalamika, na Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria ya kuirudisha. Historia nzuri, lakini haimhusu mtu wa Chidya. Kumnukulia sheria hiyo ni kama kumpimia shamba kwa ramani ya nchi nyingine.

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, inagusa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria. Neno la msingi hapo ni ruhusa. Simu ni yako, umeilipia, na ruhusa ya kuingia ndani yake unayo wewe. Ukimpa fundi, umemhamishia ruhusa hiyo kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kuruka kinga ya Google kwenye simu yako uliyosahau nywila ni jambo moja, na kuruka kinga hiyo kwenye simu iliyookotwa stendi ni jambo jingine kabisa, ingawa waya na programu ni vilevile. Fundi mwangalifu anauliza boksi au risiti kabla hajaanza. Asiyeuliza anajiweka pabaya yeye mwenyewe.

Kosa ambalo kadi hailitaji ni la IMEI. Bonyeza *#06# utaiona: tarakimu 15. Nane za mwanzo zinataja aina ya simu, sita zinazofuata ni namba ya simu yako hasa, na ya mwisho ni ya ukaguzi, inapatikana kwa hesabu ya Luhn kutoka kwenye zile 14. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndiyo iliyoweka msingi wa rajisi kuu ya namba hizi, na inafanya kuwa kosa la jinai kubadilisha utambulisho wa simu kama wewe si mtengenezaji au mtu aliyeidhinishwa naye. Neno "asiyeidhinishwa" limerudi, lakini safari hii limerudi na polisi.

Wengi tuliiona rajisi hiyo ikifanya kazi tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima, kama Kenya walivyofanya mwishoni mwa Septemba 2012. Watu walituma IMEI kwenda 15090 wajue hatima ya simu zao. Na pale pale likazuka soko la mafundi wa "kuifufua" simu iliyozimwa. Kufufua maana yake kuipa IMEI ya simu nyingine.

Tazama hatari yake sasa. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, laini yako imefungwa kwenye kitambulisho chako cha NIDA. Fundi akikuwekea IMEI iliyonakiliwa kutoka simu iliyoripotiwa kuibiwa Lindi, mtandao unaona simu ya wizi ikitumia laini yenye jina lako na vidole vyako. Wewe ulikwenda kutengeneza simu inayogandaganda, umerudi na kesi.

Na hili linaweza kutokea bila nia mbaya ya mtu yeyote. Kwenye simu nyingi za bei nafuu zenye chipu za MediaTek, IMEI na vipimo vya redio vinakaa kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo NVRAM. Programu ya kuflashi ina chaguo la kupakia tu, na lingine la kufuta kila kitu kisha kupakia. Fundi mwenye haraka, au aliyeona simu imegoma, anachagua la pili. Simu inawaka vizuri, kioo kinang'aa, lakini ukiweka laini inaandika IMEI si sahihi. Hapo fundi anafungua programu nyingine na kuandika namba. Akiandika ileile iliyo kwenye boksi, kwa maoni yangu amerudisha utambulisho, hajaubadilisha, na lengo la sheria halijavunjwa. Akiandika namba yoyote anayoikumbuka, au ileile aliyowawekea wateja kumi waliotangulia, kosa limekamilika, na mteja hana habari. Tofauti kati ya hayo mawili ni boksi ambalo mteja alilitupa.

Simu za mkopo zinafika kwenye shimo hilohilo kwa njia nyingine. Unalipa kidogo kidogo kila siku, ukichelewa simu inajifunga. Kufuli hiyo haiko kwenye programu ya kawaida; imeshikamana na mfumo na kuthibitishwa na seva kwa kutumia IMEI. Kurudisha mipangilio ya kiwandani hakuiondoi, na simu iliyoflashiwa inaweza kujifunga tena ikishapata intaneti. Deni lenyewe ni suala la mkataba, la madai, na si jinai. Lakini njia mojawapo ya kuikwepa seva ni kubadilisha IMEI. Yaani mtu aliyekuwa anadaiwa elfu sitini anageuka mtuhumiwa kwa elfu kumi na tano aliyomlipa fundi. Hapo kadi ya waranti ingekuwa na kazi ya maana kuliko kumtisha mtu kuhusu spika: mstari mmoja tu wa kusema IMEI isiguswe, na kwa nini.

Nimalizie na jambo la fedha, maana huko ndiko simu ya mkulima inakofanya kazi. Programu nyingi za benki hukagua kama simu imerutiwa au butiloda iko wazi, na zikigundua zinakataa kufunguka. Hilo si adhabu ya kisheria. Benki inaogopa kwamba programu nyingine yenye mamlaka ya juu inaweza kuchungulia nywila. Menyu za namba, kama *150*00# ya M-Pesa, zinaendelea kama kawaida kwa sababu hazitegemei mfumo wa Android kujithibitisha. Anayepokea malipo ya korosho kwa programu ya benki afikirie hilo kabla ya kuruti, sio siku ya mnada.

Na kama simu lazima iflashiwe, piga *#06# kwanza uandike namba zote mbili (simu ya laini mbili ina IMEI mbili) kwenye daftari, si kwenye simu hiyohiyo. Mwambie fundi atoe nakala ya NVRAM kabla hajafuta chochote. Ni faili la megabaiti chache, linaenea kwenye memori kadi yoyote uliyonayo.